Halipo, haliko au halimo? Somo la sarufi kutoka kwenye tarakilishi

MIAKA kadhaa iliyopita, Jumatatu asubuhi, msaidizi wangu wa utafiti aliingia ofisini mwangu bila kupiga hodi. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, binti wa Pwani mwenye adabu zake, na katika miaka miwili tuliyokuwa tumefanya kazi pamoja hakuwahi kunipita bila kuniamkia. Siku hiyo hakuamkia.

"Prof, maneno hayako."

"Hayako wapi?"

"Hayako tu! Jedwali lipo, lakini hamna kitu ndani."

Maneno aliyoyataja ni msamiati wa wavuvi tuliokuwa tumeukusanya kutoka Vanga na Wasini, tukapanda na pwani hadi Lamu na Faza. Yalikuwa maneno elfu tatu na ushei: majina ya pepo na mikondo, ya bamvua na maji mafu, ya sehemu za chombo, ya malema na nyavu. Kila neno lilikuwa na maana yake, lahaja yake na jina la mzee aliyetusimulia. Kufikia Jumatatu ile, wawili kati ya wazee hao walikuwa wametangulia mbele ya haki. Nakala tuliyokuwa tumeiweka kando ilikuwa ya miezi kumi na mmoja iliyopita, na takriban nusu ya maneno tuliyakusanya baada ya hapo. Msomaji ataelewa kwa nini binti yule alisahau kupiga hodi.

Nitaeleza yaliyotukia, lakini kwanza tuelewane kuhusu hilo jedwali. Tatizo letu lilianzia kwenye swali ambalo programu za tarakilishi huliuliza kila uchao: je, jedwali fulani lipo? Swali hili ni jepesi kuliuliza, ila jibu lake lina mitego ambayo mpenzi wa sarufi ya Kiswahili anaweza kuielewa haraka kuliko wengi.

Mwaka 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala kuhusu namna ya kuhifadhi data nyingi inayotumiwa na watu wengi. Alipendekeza kwamba data yote ipangwe katika majedwali: mistari ya kwenda kando, safu za kwenda chini, na kila jedwali na jina lake. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, ndio walioanzisha katika miaka ya sabini lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Lugha hiyo leo inajulikana kama SQL.

Kwa Kiswahili, mfumo huu huitwa hifadhidata ya kimahusiano. Jina hili limewapotosha wengi. Wanafunzi hudhani ni la kimahusiano kwa sababu majedwali huhusiana, kwa mfano jedwali la maneno na jedwali la wasimulizi. Sivyo. Codd alilichukua neno lake kutoka hisabati, na katika hisabati "uhusiano" ni mkusanyiko wa mistari ya namna moja, yaani jedwali lenyewe. Hata hifadhidata yenye jedwali moja pekee ni ya kimahusiano.

Sasa, hifadhidata hujuaje ina majedwali gani? Jibu linapendeza: huyaandika katika jedwali. Kuna jedwali la majedwali, ambalo kila mstari wake unataja jedwali mojawapo, jina lake na mahali lilipo. Mwaka 1985 Codd aliorodhesha kanuni ambazo mfumo wowote unaojiita wa kimahusiano ulipaswa kuzitimiza. Mojawapo ilidai kwamba maelezo ya hifadhidata yahifadhiwe kwa namna ile ile ya data ya kawaida, na yaulizwe kwa lugha ile ile. Katika mfumo wa PostgreSQL, jedwali la majedwali limejitaja hata lenyewe, sawa na kamusi yoyote nzuri inavyopaswa kuwa na kidahizo "kamusi".

Viwango vya SQL vya mwaka 1992 vilikipa chumba cha orodha hizi jina moja, "information_schema". PostgreSQL, MySQL na SQL Server zina chumba hicho. Oracle hutumia orodha zake zenyewe, nayo SQLite, iliyomo katika simu nyingi mifukoni mwetu, ina jedwali lake moja la kazi hiyo. Kwa hivyo, anayetaka kujua iwapo jedwali la "maneno" lipo, huiambia hifadhidata: nihesabie mistari ya jedwali la majedwali ambayo jina lake ni "maneno". Akijibiwa moja, lipo. Akijibiwa sufuri, halipo.

Au ndivyo tunavyodhani. Hapo ndipo sarufi inapoingia.

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kufundisha ngeli ya mahali, PAKUMU, na virejeshi vyake vitatu. Kitabu kipo mezani: mahali ni dhahiri, tunapaona. Kitabu kiko nyumbani: mahali ni pa jumla au pako mbali. Kitabu kimo mkobani: kiko ndani ya kitu. Katika mazungumzo tunavichanganya, na sisi Wakenya tumezoea "yuko" hata pale ambapo Mtanzania angesema "yupo". Ukifika ofisini ukaambiwa "Bosi hayuko", hujui ametoka kidogo, yuko likizoni, au amekuona dirishani na hataki kukuona tena.

Isitoshe, -po ina kazi ya ziada. Ndiyo tunayoitumia tunapozungumzia kuwapo kwenyewe, bila kujali mahali. Tunasema "Mungu yupo" au "tatizo lipo" bila kuonyesha kidole popote. Hata kiunganishi "iwapo" kimeibeba -po ndani yake. Kwa hivyo kusema "halipo" ni kutoa dai zito: hakuna kitu kama hicho. Kusema "haliko" ni kudai kwamba hapa nilipotafuta sikulikuta. Kusema "halimo" ni kudai kwamba ndani ya chombo hiki nilichokifungua, au orodha hii niliyopewa, sikuliona. Mtu mwangalifu hatoki kwenye dai la tatu akarukia la kwanza.

Tarakilishi haina viambishi hivi. Ina sufuri tu. Sufuri hiyo hiyo hutolewa kwa hali zote tatu.

Hali ya kwanza ni kwamba jedwali kweli halipo. Halikuwahi kuundwa, au liliundwa likafutwa.

Hali ya pili ni kwamba haliko huku ulikotafuta. Hifadhidata nyingi zimegawanywa katika vyumba, ambavyo wataalamu huviita skima. Jedwali la "maneno" linaweza kuwa katika skima ya utafiti ilhali wewe umesimama katika skima nyingine. Usipotaja chumba, mfumo huangalia vyumba ulivyoelekezwa kuvitazama, basi.

Hali ya tatu ni kwamba halimo katika orodha uliyoonyeshwa. Watu wengi hawalijui hili, na ndilo lililotuponza. Orodha ya "information_schema" haimwonyeshi kila mtu kila kitu. Humwonyesha mtumiaji yale majedwali anayoyamiliki au aliyopewa ruhusa fulani juu yake. Asiye na ruhusa yoyote hafichuliwi kwamba kuna jedwali hilo. Huwa ni kama asiyealikwa harusini: hajui hata kwamba kuna harusi.

Ongeza hapo suala la tahajia. PostgreSQL hulishusha jina lisiloandikwa ndani ya alama za nukuu hadi herufi ndogo zote, nayo Oracle hulipandisha hadi herufi kubwa zote. Ukiunda jedwali kwa jina "Maneno" bila nukuu, kisha ukalitafuta katika orodha kwa herufi kubwa ya mwanzo, PostgreSQL itakujibu sufuri, kwa sababu yenyewe ililiandika "maneno". Jedwali umeliunda mwenyewe, na bado unaambiwa halipo.

Turudi Jumatatu ile. Ijumaa iliyotangulia, ofisi iliyotuhifadhia hifadhidata ilikuwa imeihamishia kwenye mashine mpya. Jumamosi usiku, programu yetu ya kupokea maneno mapya ikaamka kama kawaida. Kazi yake ya kwanza ilikuwa amri ambayo mtu yeyote aliyesoma SQL anaijua: liunde jedwali la "maneno" iwapo halipo. Tulikuwa tumeiandika amri hiyo mwanzoni mwa mradi, wakati ambapo kweli jedwali halikuwapo, na hatukuwahi kuiondoa. Miaka miwili ilikuwa ikiuliza, inajibiwa "lipo", na inaendelea na kazi. Usiku huo ilijibiwa "halipo". Ikatii. Ikaunda jedwali jipya, tupu, lenye jina lile lile. Haikulalamika wala kutoa onyo.

Tulipiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na heshima, lakini hakuwa na habari njema.

"Hizo data zitakuwa zilifutika wakati wa kuhama, Mzee. Leteni backup yenu turudishe."

Akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba Jumatano jioni wangesafisha mabaki ya mpangilio wa zamani ili kupata nafasi.

Nilimwuliza binti, "Umehakikisha kwamba halipo?"

"Nimeangalia orodha yote, Prof. Limo moja tu, hili jipya."

"Umeangalia kwa macho ya nani?"

Sitajisifu kwamba nilijua nilichokuwa nikikisema. Mimi ni mtu wa isimu, na swali lenyewe ni la kiisimu: kila kauli ina msemaji, na msemaji ana mahali aliposimama. Lakini yeye alinyamaza kidogo, kisha akasema polepole kwamba alikuwa ameingia kwa akaunti mpya, ile tuliyopewa Ijumaa. Hakujua akaunti hiyo iliruhusiwa kuona nini.

Jumatano saa nane mchana, baada ya barua mbili na simu nyingi, msimamizi wa mfumo alikubali kukaa naye na kuiuliza hifadhidata swali lile lile kwa akaunti yenye mamlaka yote. Jibu halikuwa moja. Lilikuwa mbili. Kulikuwa na "maneno" katika skima mpya, mistari sufuri. Kulikuwa na "maneno" katika skima ya zamani, mistari elfu tatu na ushei, mizima. Akaunti yetu mpya ilielekezwa kwenye chumba kipya na haikupewa ruhusa juu ya kile cha zamani. Jedwali lilikuwapo muda wote. Ila haliko tulikotazama, wala halimo katika orodha tuliyoonyeshwa. Na jioni hiyo hiyo lilikuwa lifutwe.

Kutokana na mkasa huo nimejifunza mambo manne, ambayo huwaambia wanafunzi wangu wanaohifadhi data za lugha.

Kwanza, usiulize iwapo jedwali lipo bila kutaja skima yake. Jina pekee ni kama kumwulizia "Mwalimu" katika kijiji chenye shule tatu.

Pili, ijue akaunti unayoulizia. Ukipata sufuri mahali ulipotarajia moja, mwombe mwenye ruhusa pana aulize pia kabla hujachukua hatua yoyote.

Tatu, tofautisha siku ya kwanza na siku zinazofuata. Siku ya kwanza ya mradi, kukosekana kwa jedwali ni jambo la kawaida, na kuliunda ni sawa. Baada ya mwaka, kukosekana kwake ni msiba. Programu isiyotofautisha siku hizo itaufunika msiba kwa jedwali tupu. Aidha, amri ya kuunda jedwali iwapo halipo hulinganisha majina tu. Ikikuta jedwali lenye jina hilo, haikagui iwapo safu zake ni zile ulizozitaka. Jina linaweza kuwapo na kilichomo kikawa kingine kabisa.

Nne, iogope amri pacha ya hiyo, ile ya kulifuta jedwali iwapo lipo. Kabla ya kuitoa, hesabu mistari. Jedwali lenye mistari elfu tatu si takataka, hata kama huwajui wenyewe.

Baadhi ya watu hulikwepa swali zima kwa kujaribu tu: wanalisoma jedwali, na wakipata kosa wanasema halipo. Huko ni kubisha hodi. Lakini asiyejibiwa hodi haondoki akitangaza kwamba nyumba haina watu. Huenda mlango umefungwa, huenda mtandao umekatika, huenda huruhusiwi kuingia. Soma kosa lenyewe linasemaje. PostgreSQL, kwa mfano, hutofautisha kosa la jedwali lisilokuwapo na kosa la kunyimwa ruhusa.

Huenda msomaji anajiuliza hili linahusu nini safu ya lugha. Linahusu sana, kwa sababu sisi walimu wa Kiswahili ni mabingwa wa "halipo".

Mwanafunzi huandika neno katika insha. Mwalimu halijui. Hufungua kamusi iliyo karibu, asilione, kisha huandika kwa wino mwekundu: "Neno hili halipo." Lakini alichokithibitisha ni kwamba halimo katika kamusi ile. Kamusi ni orodha iliyotungwa na watu waliosimama mahali fulani. Ile ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 ilijengwa hasa juu ya Kiswahili cha Mombasa alikoishi. Ile ya Sacleux ya mwaka 1939 ilikusanya maneno ya lahaja nyingi na kuonyesha lahaja zenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, ililenga usanifu, kama jina lake linavyosema. Neno linaweza kukosekana katika mojawapo na likaonekana katika nyingine, na mengine hayamo katika yoyote ila yamo vinywani mwa watu wa Vanga.

Nina deni langu mwenyewe hapa. Nikiwa mhadhiri kijana, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba wavuvi walitweka tanga wakaondoka na umande. Niliikata sentensi hiyo. Nikaandika pembeni kwamba umande ni matone ya maji kwenye majani, nayo hayasukumi chombo. Sikusumbuka hata kutazama kamusi. Jina nililijua, kwa hiyo nilidhani kilichomo nakijua pia.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, tukiwa katika utafiti ule, mzee mmoja alituorodheshea pepo. Alitaja kaskazi, akataja kusi, akataja matlai. Kisha akataja umande, upepo utokao bara alfajiri, ambao mvuvi huutumia kutokea. Binti aliuandika. Mimi nilikaa kimya, nikimkumbuka mwanafunzi wangu na alama nilizomnyima. Mzee yule ni mmoja wa wale wawili waliotangulia kabla ya Jumatatu ile, na maelezo yake yalikuwa katika ile nusu isiyokuwamo katika nakala yetu.

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Wino mwekundu ukikaribia kuandika "halipo", uandike kwanza "halimo katika kamusi niliyonayo", kisha mwulizeni mtoto amelisikia wapi. Mara nyingi atakuwa amekosea. Mara nyingine atakutajia nyanya yake, na nyanya atakuwa sahihi.

Kuhusu jedwali letu, sasa lina nakala tatu mahali patatu. Ile amri ya kuliunda iwapo halipo tuliiondoa siku ile ile ya Jumatano. Programu ikilikosa jedwali, haiundi chochote. Inasimama na kutuita.